Vile tulikaribia kumaliza kanisa ya kina shosho, nyanya zetu, tukidhani tunaitengeneza

Nilikuwa katibu wa kamati ya kurekebisha kanisa ya kijijini kwetu, huko kwa miinuko ya Murang'a, ingawa mimi naishi Nairobi, Kahawa West, na nyumbani nilikuwa naenda Krismasi na matanga peke yake. Mkono ulioandika kwa minutes "toa mabenchi yote ya zamani" ni huu wangu. Naanza na hapo ndio ijulikane mapema kwamba haya ninayosema hayakufanywa na watu wengine nikiwa naangalia.

Kanisa yenyewe ni ndogo. Ni ya mawe, ya wakati wa misheni, mtu akisimama mlangoni na mwingine mbele kwa meza ya Bwana wanaweza kuongea bila kupaza sauti. Madirisha ni membamba, yamechongoka juu kama mikono imekutanishwa ya maombi. Ndani kuna giza kidogo, hata saa nne asubuhi, mpaka macho yazoee. Kisima cha ubatizo cha jiwe kiko nyuma karibu na mlango, mimbari ya mbao iko upande wa kushoto na ina kapaa kadogo ka mbao juu yake, halafu mabenchi, ya wanaume upande mmoja na ya wanawake upande mwingine, na juu ukiinua macho unaona mbao za paa zote wazi, nyeusi kwa uzee. Hakuna kitu kimefichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu nayo kusema kweli, nilikuwa natoka makanisa ya huku mtaani yenye skrini kubwa na taa za rangi ya zambarau na viti vya kitambaa, narudi kwetu naona kama kanisa yetu imevaa nguo ya jana. Nilikuwa naona aibu nikileta marafiki wa Nairobi kwa harusi.

Basi 2015 tukafungua grupu ya WhatsApp, watoto wa kijiji wote tulioko Nairobi, Thika, Nakuru, mpaka wawili walioko nje, tukachanga kwa M-Pesa. Watu walitoa kwa roho safi, kuna mama mmoja anauza mboga Githurai alituma mia mbili kila Jumamosi kwa miezi saba bila kukosa. Orodha tukaiandika jioni moja: plasta ya simiti kwa ukuta wote wa ndani, rangi ya mafuta krimu, silingi ya gipsamu, tailsi pale mbele, madirisha ya aluminiam, viti vya plastiki mia moja na hamsini. Hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliuliza swali. Wazee wa kijijini walikuwa kwa mkutano lakini sisi ndio tulikuwa na pesa, na unajua vile mkutano unaenda mwenye pesa akiongea kwanza.

Pesa ikaisha kabla ya orodha kuisha. Leo nashukuru kwa hilo kuliko kitu kingine chochote, maana tulikuwa tumefanya plasta, rangi, gipsamu, na kutoa mabenchi sita ya mbele kupisha viti. Madirisha hayakuguswa, na tailsi hatukufika.

Krismasi ya mwaka huo kanisa ilikuwa inang'aa. Tulipiga picha nyingi sana.

Mvua ndefu ya mwaka uliofuata ikaja, mimi niko Nairobi nikatumiwa picha na mwenyekiti: rangi imefura malengelenge kama ngozi iliyoungua, kutoka chini mpaka kiunoni, ukuta wa upande wa kaskazini wote. Tukasema ni rangi mbaya, tukachanga tena, ikakwanguliwa ikapakwa tena. Mvua ya vuli ikarudisha malengelenge yale yale pamoja na unga mweupe kama chumvi, na harufu ya unyevu iliyoingia mpaka kwa vitabu vya nyimbo. Ndani kukawa na joto halijawahi kuwa, watoto wanalia ibada nzima, na sauti ikapotea. Hii ya sauti ndiyo iliniuma. Kanisa ambayo mhubiri alikuwa anasikika bila maiki tangu kina shosho wakiwa wasichana, sasa tumeleta spika mbili na bado nyuma watu wanasikia mwangwi tu, maneno yanagongana.

Kuna mzee hapo kijijini alikuwa fundi wa mbao maisha yake yote, na babake kabla yake alikuwa kwa kikundi kilichojenga hiyo kanisa. Sisi wote tunamwita Guka, yaani babu. Nilimwendea Jumamosi moja, si kwa sababu nilikuwa na akili bali kwa sababu mwenyekiti alikataa kuendelea na kamati mpaka mtu aongee na huyo mzee. Nikamkuta ameketi nje anaota jua. Nikamsalimia, nikamwambia, "Guka, ukuta unalia." Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Msichana wangu, mmeuvalisha koti la plastiki ukiwa na jasho, ungefanya nini?"

Akainuka na fimbo yake tukaenda mpaka kanisani, mwendo wa polepole, na hapo ndipo nilianza kujifunza nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja kanisa niliyobatizwa ndani yake iko namna gani.

Wacha nieleze hii ya ukuta vizuri sababu najua makanisa mengi huko nyumbani yako karibu kufanyiwa hivi hivi, na shule za zamani pia. Jiwe letu la kujengea ni la volkano, lile laini unaloweza kuchonga kwa patasi, lina vitundu vidogo vidogo na linakunywa maji. Hawa watu wa zamani walijua hivyo. Chini ya ukuta hawakuwa na karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu kama sisi siku hizi, kwa hivyo maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta kama vile mafuta ya taa yanapanda kwa utambi. Walichofanya ni kujenga kwa chokaa na mchanga, chokaa moja mchanga tatu hivi, na ndani wakapaka chokaa pia. Chokaa ni laini na inapumua, maji yanapanda, yanatoka kwa uso wa ukuta, yanakauka na upepo, maisha yanaendelea. Kila baada ya miaka kadhaa wanapaka chokaa mpya, kazi ya siku mbili. Shosho alikuwa anatuambia wanawake ndio walikuwa wanafanya hiyo kazi kabla ya Pasaka na mimi nilikuwa nachukua hiyo kama hadithi ya umaskini, ati hawakuwa na rangi.

Simiti ni ngumu na haipumui vile. Ukiiweka juu ya jiwe laini, na juu yake rangi ya mafuta, umefunga mlango na maji yako ndani. Yanapanda juu zaidi yakitafuta njia, yanabeba chumvi za udongo, yanafika mahali yanasukuma rangi. Na mbaya zaidi, kuta zikitanuka na jua na kunywea na baridi simiti haikubali kusogea, kwa hivyo kinachopasuka ni jiwe. Guka alichukua kisu akachokora pembeni ya dirisha palipokuwa pamefunguka, simiti ikatoka kama sahani nzima na imeshika uso wa jiwe nyuma yake, jiwe limebaki unga. Akasema, "Chokaa huwa inakufa ndio jiwe liishi. Nyinyi mmeweka kitu kinachoishi na jiwe linakufa."

Nililia pale. Si machozi mengi lakini nililia.

Halafu akanionyesha juu, yaani mahali tumeweka gipsamu. Alikuwa amekataa kuingia tangu ile silingi iwekwe, aliniambia hivyo. Tukatoa vipande viwili vya kona na tochi ya simu tukaangalia. Mihimili ya paa ni mutarakwa, huo mwerezi wetu, ndio maana mchwa haukuwahi kuugusa miaka yote hiyo, mbao yake ina mafuta na harufu ambayo wadudu hawaitaki. Mbao nyepesi za kufunika kati ya mihimili ni podo, muthengera, ambayo yenyewe inaliwa na dudu haraka kama imefichwa mahali hapana hewa. Unaona sasa. Walitumia podo pale kwa sababu ilikuwa wazi, upepo unapita chini ya mabati kwa ile nafasi waliacha kati ya ukuta na paa, na sisi tukaja tukaifunga kwa gipsamu tukaiweka gizani na joto na popo. Mwaka mmoja na nusu tu na tayari kulikuwa na vumbi la mbao juu ya gipsamu, unga wa dudu, unaweza kuchota na kiganja.

Na ile nafasi ya kati ya ukuta na paa ambayo mimi nilikuwa naita "haijamalizwa" kumbe ndiyo dirisha la joto. Watu mia moja na ishirini wamekaa ndani wanaimba, joto linapanda, linatokea pale, hewa baridi inaingia kwa mlango na madirisha ya chini. Hakuna feni. Hakuna bili ya stima.

Viungo vya mbao juu havina misumari ya chuma. Guka alinieleza vile babake alikuwa anafanya: unatoboa tundu kwa mbao ya kwanza na tundu kwa ulimi wa mbao ya pili lakini hazikutani sawasawa, moja imesogea kidogo tu, upana wa ukucha, halafu unagonga kigingi cha mutamaiyu, mzeituni mwitu ule mgumu, na kigingi kikipita kinavuta mbao mbili zikabane kabisa. Kadri mbao inavyokauka ndivyo inashika zaidi. Nimepitisha kidole kwa hicho kiungo, huwezi kuingiza hata karatasi. Na mabati pia, yale ya kwanza bado yako upande wa vestri, kale kachumba ka mhubiri kuvalia, mazito, Guka anasema ni geji 24, na sisi siku hizi hadwea tunauziwa 30 na 32, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kitu ambacho mimi nilikuwa nadhani ni kinyume.

Nikarudi Nairobi na sikuweza kulala vizuri hiyo wiki. Nikaanza kuzunguka kuangalia makanisa ya zamani, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikiwa na daftari. Wacha niseme tu ni ajabu mtu unakaa Nairobi miaka ishirini na mbili na hujawahi kuinua macho.

All Saints pale Kenyatta Avenue nilikuwa nimeingia mara nyingi, kwa harusi na kwa ibada za kumbukumbu. Sasa nikaingia kama mwanafunzi. Jiwe la msingi liliwekwa 1917, mchoro ni wa Temple Moore, mchoraji majengo Mwingereza, naye akafa 1920, na kanisa ikawekwa wakfu 1952. Miaka thelathini na mitano! Mtu aliyechora hakuiona imeisha. Sisi tulitaka yetu iishe kabla ya Krismasi. Lakini kitu nilichobeba kutoka hapo ni madirisha: ukiangalia dirisha jembamba kwa ukuta mnene, ndani ukuta umekatwa mshazari pande zote mbili, kwa hivyo nuru inaingia kwa nafasi ndogo halafu inafunguka kama mkono. Nikakumbuka yetu yako vile vile! Nilikuwa nimeandika kwa ile orodha "madirisha madogo, yaongezwe ukubwa." Dirisha kubwa la aluminiam lingeleta jua la saa sita machoni mwa watu na kudhoofisha ukuta ambao umebeba paa lote.

Thogoto, huko Kikuyu nje ya Nairobi, nilienda na kakangu, matatu za Kikuyu zinakuacha karibu. Pale kuna makanisa mawili ya Wapresbiteri ndani ya boma moja la misheni, ile kubwa ya Church of the Torch iliyojengwa kati ya 1928 na 1933, na kale kadogo ka zamani ka kumbukumbu ya wamishonari Thomas Watson na Henry Scott. Kale kadogo ndiko kalinishika. Na historia ya mahali penyewe inahusu meza, ndiyo maana naileta hapa. Juni 1913 wamishonari wa makanisa mbalimbali walikutana hapo Kikuyu kuongea juu ya kuungana, na mwishoni wakashiriki meza ya Bwana pamoja, Waanglikana na Wapresbiteri na wengine. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliposikia akawashtaki maaskofu wenzake wawili, wa Mombasa na wa Uganda, ati ni uzushi, na kesi ikafika mpaka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Dunia nzima ya Waanglikana ikagombana kwa sababu ya nani alikula mkate na nani, hapo Kikuyu. Nilisimama pale nikawaza meza yetu ya kijijini, ya mbao tu, ambayo tulikuwa tumeisukuma kwa kona tukaweka podiam ya kioo.

Na hapo hapo Thogoto Jomo Kenyatta alisoma, akafundishwa useremala na misheni, akabatizwa 1914. Misheni nyingi zilikuwa hivyo, asubuhi vitabu mchana randa na msumeno. Kwa hivyo ukiona benchi ya kanisa ya zamani ujue mara nyingi haikununuliwa mahali, ni mikono ya wanafunzi, vijana wa miaka kumi na tano kumi na sita wanajifunza kazi. Hii nilimuuliza Guka baadaye na akacheka kwa furaha, akasema babake alijifunzia randa kwa mabenchi hayo hayo, na ya kwanza kwanza kutengenezwa miguu yake haiko sawa, unaweza kuyajua.

Kijumba cha Waitaliano pale Mai Mahiu, kando ya barabara chini ya bonde, tulipita tukielekea Naivasha. Wafungwa wa vita waliojenga barabara ile ndio walijenga 1942, kanisa ndogo kiasi kwamba familia mbili zikiingia imejaa. Wafungwa, mbali na kwao, na bado wakatengeneza uso wake vizuri na ndani wakachora. Nilikaa kidogo nikaomba. Sina mengi ya kusema juu yake.

Lakini Murang'a mjini, hiyo lazima niseme, maana ni karibu na kwetu kabisa na sikuwa nimewahi kuingia. Katedro ya St James ilijengwa kama kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa miaka ya Dharura, wakati wa vita vya Mau Mau, na ndani kuna michoro mitano ya ukutani ya Elimo Njau, Mtanzania wa kule Kilimanjaro aliyesomea Makerere, yeye ni mmoja wa wale baadaye walianzisha Paa ya Paa, jumba la sanaa hapa Nairobi, 1965. Alichora mwishoni mwa miaka ya hamsini: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Na Yesu ni mtu wetu. Miinuko nyuma yake ni ile ile naona nikiwa kwa mlango wa jikoni ya shosho. Nilisimama mbele ya ile ya ubatizo nikasikia mwili umesisimka. Sisi tulikuwa tunapeleka picha ya plastiki ya Yesu wa macho ya bluu, fremu ya dhahabu, ndiyo tulikuwa tumenunua mjini ya kuweka mbele. Bado nafikiria juu ya hiyo.

Kisima cha ubatizo cha kwetu nilikuwa nataka kihamishwe mbele ndio watu waone vizuri wakati wa kubatiza na wapiga picha wapate nafasi. Mwalimu wetu mmoja wa katekisimu, mama mzee, aliniuliza kwa upole, "Kwani wewe uliingilia kwako kwa dirisha?" Kiko mlangoni kwa sababu ubatizo ndio mlango. Na kina pembe nane. Nilikuwa nimekiosha mara nyingi nikiwa msichana wa Sunday school na sikuwahi kuhesabu. Nane ni wale watu waliookolewa kwa safina ya Nuhu, Petro anawataja kwa waraka wake wa kwanza sura ya tatu, na ni siku ya nane, yaani siku ya kwanza ya wiki mpya, siku ya kufufuka. Mtu alikaa akachonga hiyo kwa jiwe, pembe baada ya pembe, akijua mtoto hataelewa.

Kale kapaa ka juu ya mimbari ndiko kalikuwa kanarudisha sauti ya mhubiri chini kwa watu isipande kwa mihimili ikapotelea huko. Na mimbari yenyewe ngazi zake nne ni za kuinua mdomo wa mhubiri juu ya vichwa vya watu walioketi. Sisi tulimshusha akasimama nyuma ya kioo, tukaweka simiti laini na gipsamu laini pande zote sauti ianze kudunda kama mpira, halafu tukanunua spika kutibu ugonjwa tulioleta wenyewe.

Kutengeneza tumeanza 2018 na hatujaisha. Gipsamu tulitoa kwa siku tatu, vijana walifanya bure. Podo iliyoliwa tukabadilisha. Plasta ya simiti inatoka polepole kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine, maana mashine inatingisha jiwe, na mahali imeshika sana tunaiacha kwanza. Chokaa ni kazi ya subira mno: unapaka nyembamba, unafunika na magunia yenye maji, unangoja, inashika kwa hewa si kwa maji kama simiti, kwa hivyo ukiikimbiza inapasuka. Fundi wa mjini alikuja akaona vile tunafanya akasema tunapoteza wakati, simiti ingeisha Ijumaa. Wanawake wa kijiji walikuja na ndoo. Kuna wasichana wa sekondari walikuja pia, na shosho mmoja wa miaka themanini na kitu alikuwa ameketi kwa kiti anawaonyesha vile ya kushika brashi. Ukuta wa kusini umekauka misimu mitatu ya mvua sasa bila doa. Kaskazini bado nusu. Joto la ndani limeshuka likarudi vile lilikuwa zamani, na Jumapili moja stima ilipotea katikati ya mahubiri na hakuna mtu aliyesema hasikii.

Kilichobaki ni mabenchi.

Yalikuwa kumi na nane, sasa ni kumi na mawili, na yale sita tuliuza kwa mtu wa pikapu kwa elfu tatu yote, pesa ya kununua silikoni na misumari. Ni ya muringa, mbao ile ambayo zamani ilikuwa inatengenezwa mizinga na vigoda. Nilikuwa nayaita magumu. Guka alinionyesha yale yaliyobaki: ya upande wa wanawake yamelika ukingo wa mbele kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni haegemei, anakaa mbele, miaka na miaka ya kina mama wamekaa mbele mpaka mbao imeshuka kama bonde. Ya upande wa wanaume yana mikwaruzo ya fimbo karibu na mguu. Benchi ya kwanza upande wa wanawake, shosho yangu alikuwa anakaa mwisho wake wa kulia, na hiyo ni moja ya zile sita.

Moja nimeipata. Ilikuwa kwa hoteli ya chai Githurai, na aliyeniambia ni yule mama wa mboga wa mia mbili za Jumamosi, aliketi juu yake akasikia kwa mkono ile bonde ya ukingo akajua. Mwenye hoteli hakutaka kuuza mwanzoni, akasema inabeba wateja watano na haijawahi kulegea. Nikamnunulia mpya mbili. Tukaifunga juu ya matatu ya asubuhi, kondakta akanilipisha nafasi ya watu wawili na nikalipa, na tulipoiingiza kanisani tukaiweka upande wa wanawake miguu yake ikaingia kwa mashimo yake yenyewe kwa sakafu, yale iliyoyachimba kwa kukaa. Haikuwa ya shosho. Ilikuwa ya tatu kutoka mbele.

Zimebaki tano. Urefu wa futi tisa hivi, mbao ya rangi ya asali ikisuguliwa, miguu mitatu mipana, hakuna msumari wa chuma hata mmoja, na ukiigeuza chini karibu na mguu wa katikati kuna alama imechongwa, msalaba mdogo na mistari kando yake ya kuhesabu, kutoka moja mpaka tisa. Ya shosho ina mstari mmoja. Mtu wa pikapu alikuwa anauza kando ya Thika Road kuanzia Juja mpaka Roysambu. Kama umeketi kwa benchi kama hiyo kwa kinyozi, kwa hoteli, kwa gereji, tafadhali pitisha mkono chini uangalie.